Pedi za kutupa, za kufua au kikombe cha hedhi? Na binti aliyejifungua arudi wapi? Ulinganisho kwa wanaotaka kuchangia

Kila ikikaribia Mei 28, ile siku ya hedhi duniani, magrupu yanaanza kuchemka. Kikoba fulani wanataka kuchangia pedi, wadada wa kanisani nao, wale waliomaliza darasa la saba pamoja nao, na swali linakuwa lilelile, tununue zipi na tupeleke wapi. Afu anatokea mtu anasema jamani na wale mabinti pale mtaani waliozaa wako nyumbani tu tusiwasahau, basi hela inakatwa katikati, nusu pedi nusu mabinti, kikao kinafungwa kwa sala na hakuna mtu aliyelinganisha chochote. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii vya kutosha, kwaio naandika hii niwe nawatumia watu wakiuliza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiseme nimekuzungusha. Kwenye pedi kinachoamua ni maji na mlango wa choo. Kwenye binti aliyejifungua kinachoamua ni nani anabaki na mtoto. Bei inakuja nyuma ya hapo. Na kwasababu ndoo ya maji na bibi anayelea havipendezi kwenye picha kama boksi za pedi zilizopangwa na wanafunzi nyuma wakitabasamu, huwa tunavikwepa.

Hili la bei kwanza

Serikali yetu ya Tanzania nayo ilianza na bei. Bajeti ya 2018/19 ilifuta VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, kwenye taulo za kike, tukashangilia kweli, mwaka uliofuata ikarudishwa maana dukani bei haikushuka, msamaha uliishia njiani kwa wafanyabiashara. Kenya walifuta VAT tangu 2004, na 2017 wakaenda mbali zaidi wakaiweka kwenye sheria ya elimu kwamba msichana aliyeko shule apewe taulo bure na za kutosha, hatua kubwa sana hiyo na sisi tungeiga kesho asubuhi, ila muulize mwalimu wa huko kijijini kama boksi zinafika kila muhula.

Yani hata pale nia ipo na sheria ipo, kitu kinachotakiwa kununuliwa upya kila mwezi kinakatika. Hilo liweke kichwani tukianza kulinganisha.

Pedi za kutupa

Uzuri wake hauhitaji semina. Binti anaijua, ameiona dukani, ameiona kwenye tivii, hafui, habebi kitu kichafu kwenye begi. Kwa dharura hakuna mpinzani, mtoto kaingia mwezini saa nne asubuhi katikati ya kipindi cha hesabu, huwezi kumpa kikombe umfundishe pale.

Shida inaanza ukipiga hesabu. Inatakiwa abadilishe kila baada ya masaa manne mpaka sita, kwaio kwa siku nne au tano anahitaji kama 16 mpaka 20. Pakiti ina nane au kumi, weka pakiti mbili kwa mwezi, na chukulia pakiti ni shilingi 2,000. Hiyo ni 48,000 kwa mwaka kwa binti mmoja. Wengi wetu tunampa pakiti mbili mwezi wa tano tunapiga picha tunaondoka, mwezi wa sita anatumia vipi hatujui. Na hata hizo mbili hazitumii peke yake, nyumbani kuna mama, kuna dada, kuna binamu aliyekuja kusaidia kazi, pedi ikiingia mle ndani ni ya wanawake wote wa nyumba na mtoto hawezi kusema hizi zangu. Kinachofuata anabana matumizi, anakaa na moja kutwa nzima, hapo ndo unakuta michubuko na harufu na kukaa mwenyewe dawati la nyuma.

Halafu taka. Pedi nyingi ndani zina plastiki, haziozi leo wala kesho, zinatupwa kwenye choo cha shimo na shimo linajaa kabla ya muda wake, gari la kunyonya likija bomba linaziba. Shule ikiwa na kichomea taka kinachofanya kazi sawa. Kama hakuna, wewe uliyeleta boksi 50 umeleta na taka za boksi 50, na anayezikuta ni yule mama msafishaji.

Pedi za kufua

Hizi ni kitambaa cha pamba kinachogusa mwili, ndani flana au taulo ya kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo vya kubana kwenye chupi. Ikitunzwa inakaa mwaka na zaidi. Kwa hela ileile unafika kwa mabinti wengi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, hilo halina ubishi.

Ila naomba tuwe wakweli kuhusu kufua. Inalowekwa maji ya baridi (ya moto yanagandisha doa), inafuliwa na sabuni, inasuuzwa mpaka maji yawe meupe, inaanikwa juani mpaka ikauke kabisa. Sasa mtazame binti anayelala chumba kimoja na kaka zake, kamba ya kuanikia iko uani mbele ya wapangaji wote, ataanika wapi? Ataianika chini ya godoro au nyuma ya kabati, haikauki, kesho anaivaa ina unyevunyevu, na hapo tumemletea fangasi kwa jina la msaada. Masika ndo kabisa. Kwahiyo ukigawa za kufua gawa na dawa ya aibu pia, na dawa yenyewe ni ndogo tu, mwambie aanike na afunike juu kwa kitambaa chepesi au kanga, upepo unapita, jua linapita, macho ya watu hayapiti. Hii mabibi wa pwani walikuwa wanaijua zamani, somo, yule mama wa kumfunda binti, alikuwa anamfundisha mwali mpaka namna ya kuanika.

Idadi nayo watu wanaipuuza. Seti ya pedi mbili ni utani, moja kavaa, moja iko kwenye kamba, ya kubadilisha iko wapi? Zisipungue nne, na kwa mwanafunzi anayetoka asubuhi kurudi jioni sita ndo anapumua. Na mfuko usiopitisha maji wa kubebea iliyochafuka, bila huo haendi nayo shule.

Na chupi! Jamani chupi. Pedi ya kutupa ina gundi, ya kufua ina kifungo, zote zinashika kwenye chupi, na kuna mabinti wana moja au hawana kabisa, na hakuna atakayenyoosha mkono mbele ya wageni aseme mi sina. Kwenye bajeti chupi mbili kwa kila mmoja ziwe lazima, hata kama inabidi upunguze idadi ya watoto.

Ukinunua za fundi wa mtaani zikague mwenyewe. Mwagia maji kikombe kidogo, subiri, bonyeza, angalia chini. Fundi wengine kile kitambaa cha kuzuia maji wanaweka mfuko wa nailoni, unapiga kelele binti akitembea na joto lake sio la kawaida.

Kikombe cha hedhi

Kwenye karatasi kikombe kinashinda wote. Ni kikombe kidogo cha silikoni kinachoingizwa ukeni kukinga damu, kinadumu mpaka miaka kumi, kinakaa ndani masaa yasiyozidi 12, hakuna taka, hakuna kuanika kitu. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilitoa mapitio ya tafiti 43 zenye wanawake na wasichana kama 3,300, ikaonekana kikombe hakivujishi zaidi ya pedi, na waliokizoea kama asilimia 70 walitaka kuendelea nacho.

Sasa shuka kwenye ardhi. Kinahitaji mikono safi kila anapokishika, kwaio maji na sabuni viwe ndani ya choo au hatua chache tu kutoka hapo. Kinachemshwa dakika kama tano mwanzo na mwisho wa siku zake, kwenye sufuria ipi? Hakuna mama atakubali kwenye sufuria ya mboga, na binti hawezi kusema anachemsha nini, hivyo ukigawa kikombe gawa na kopo lake la kuchemshia. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu ni wa kujifunza, kinavuja, kinaogopesha, anahitaji mtu mzima wa kumuuliza ambae hatacheka. Na kuna hili la bikira, wazazi wengi watakuja juu, sio wa dini moja tu wala kabila moja tu. Unaweza kuwaelimisha ila usimwache mtoto wa darasa la sita apigane hiyo vita peke yake nyumbani.

Kwaio kikombe mimi nakipeleka kwa wakubwa, wa vyuo, wa hosteli zenye maji, na mama vijana ambao tayari wamejifungua na wamepita wiki sita. Kabla ya wiki sita hapana, damu ya uzazi inataka pedi, tena nene. Na kama amewekewa kitanzi cha kuzuia mimba aongee na nesi kwanza kwasababu kikombe wakati wa kutoa kinaweza kukivuta.

Na vitambaa vya kanga?

Nitasema kitu ambacho wauza pedi hawapendi. Kitambaa cha pamba safi, kimefuliwa kwa sabuni, kimekauka juani, kimekunjwa vizuri, sio uchafu. Kinasogea, kinalowa haraka, hakifai kwa safari ndefu, lakini hakimdhuru mtu. Kinachodhuru ni kitambaa kichafu au kibichi, godoro linalochunwa, majani, vumbi la mbao. Tukienda shule tunawatisha watoto kwamba mama zao ni wachafu, mtoto anarudi nyumbani anamwona mama yake vibaya, ya nini yote hayo.

Kwahiyo uchague vipi

Usianze na pedi, anza na choo. Nenda ukakione. Mwongozo wa taifa wa maji na usafi mashuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kuwe na chumba cha kujistiri, angalia shule unayoiendea iko wapi kwenye hicho kipimo. Mlango una kitasa kwa ndani? Maji yako mita ngapi? Kuna pa kutupa?

Kama maji hakuna na mlango hakuna, usipeleke kikombe, na za kufua zitategemea maji ya nyumbani. Hapo hela ya kwanza iende kwenye kitasa, ndoo yenye koki, sabuni, pipa lenye mfuniko, na pedi za kutupa chache zikae kwa mwalimu mlezi wa wasichana kwa ajili ya dharura. Kama maji yapo na familia nyingi zina uani au kisima, za kufua ndo mpango. Shule ya bweni yenye maji, changanya za kufua kwa wote na kikombe kwa anayetaka mwenyewe, kwa hiari kabisa, bila kusukumana.

Tupige hesabu ya milioni mbili. Ukinunua za kutupa za mwaka mzima kwa 48,000 unapata mabinti 41. Ukichukulia seti ya pedi nne na mfuko wake ni 12,000, ongeza chupi mbili za 2,000 kila moja, ni 16,000 kwa kichwa, unapata 125. Grupu litashangilia 125. Mimi ningechukua 80, hiyo ni 1,280,000, na ile 720,000 inayobaki niende kwenye mlango, kitasa, ndoo, sabuni za muhula na pakiti za dharura. Watu wanasema unapunguza walengwa, sawa, ila hao 80 watazitumia, na kitasa kinawafaa na wale wengine wote.

Kitu cha mwisho kwenye pedi, msitegemee miujiza ya mahudhurio kwa kugawa vitu tu. Nepal kuna utafiti ulitoka 2011, waligawa vikombe kwa wasichana kwa kuchaguliwa kwa kura, mahudhurio hayakubadilika. Uganda, wilaya ya Kamuli, utafiti wa 2016 ulikuwa na shule zilizopewa pedi za kufua, zilizopewa elimu ya balehe, zilizopewa vyote, na zisizopewa kitu, hizi za mwisho mahudhurio yalikuwa nyuma kwa kama asilimia 17. Mi nilichobeba hapo ni kwamba saa moja ya kuongea na watoto ukweli, wavulana wakiwemo maana wao ndo wanaocheka, isikatwe kwenye ratiba ili mgeni rasmi apate muda wa hotuba. Na maumivu ya tumbo pia yaongelewe, kuna binti haji shule sio kwasababu ya pedi, anajikunja kitandani, anahitaji dawa ya maumivu na kuonwa hospitali kama kila mwezi ni vile.

Sasa huyu aliyejifungua

Ukubwa wa jambo kwanza. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 hapa Tanzania wamewahi kupata ujauzito, ule wa 2015/16 ilikuwa 27. Imeshuka, ila bado ni zaidi ya mmoja kwa kila watano.

Na sheria ipoje, maana huku mitaani bado kuna watu wanaamini hairuhusiwi. Kwa miaka mingi mabinti walifukuzwa kwa kutumia kanuni za 2002, afu 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba aliyepata mimba harudi. Novemba 24, 2021 Profesa Ndalichako, wakati huo waziri wa elimu, akatangaza wanarudi, ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021, na muda uliowekwa ni ndani ya miaka miwili tangu aache. Zanzibar wao walitangulia, tangu 2010. Ukikutana na mtendaji au mwalimu anayesema serikali imekataza, mtajie huo waraka kwa namba yake.

Njia ziko tatu kubwa, nazilinganisha kwa kuuliza swali langu lile, mtoto anabaki na nani.

*Kurudi shule ya kawaida.* Shule za serikali ada hakuna mpaka kidato cha sita, cheti ni kilekile cha wenzake, na kama alikuwa anafanya vizuri na alikuwa anapenda sayansi hapa ndo kuna maabara na walimu. Ila anatoka nyumbani alfajiri, anarudi jioni, mtoto ananyonya. Maziwa akiyakamua yanakaa kama masaa manne kwenye joto la kawaida, na joto la Dar au Tanga wewe punguza hapo, kwaio hesabu ya siku nzima haikai. Darasani maziwa yanavuja kwenye shati la sare, wanamcheka (vipande vidogo vya pedi ya kufua vinakaa vizuri kwenye sidiria, hili haliandikwi kwenye mabango ila linaokoa). Wenzake wanamjua, walimu wanamjua, wengine wana mdomo. Kuhama shule kunasaidia pale inapowezekana.

Anayefaa hapa ni ambae miaka miwili haijapita, umri bado mdogo, na nyumbani kuna mtu mzima wa kulea. Na msaada wa kweli ni huyo mtu mzima. Mara nyingi ni bibi, na huyo bibi alikuwa anauza vitumbua asubuhi, akibaki na mtoto biashara imekufa, nyumba imekosa hela ya unga, mwezi wa pili anamwambia binti bwana rudi ulee mwanao. Ninyi mmenunua sare, begi na madaftari, viko kwenye msumari ukutani. Mkimlipa bibi kila mwezi kile alichokuwa anapata kwenye vitumbua, au mkalipia mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto cha jirani, binti anamaliza. Kikoba kinaweza hii kwa mabinti wawili watatu. Hakiwezi kwa 30, na ni sawa.

*Njia mbadala ya sekondari.* Hapa kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ambayo kupitia mradi wa SEQUIP (mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 uliopitishwa 2020) imekuwa ikichukua mabinti walioacha shule bila ada, miaka minne inasomwa kwa miwili. Nje ya hapo kuna vituo vya binafsi vya QT, wanalipia, anafanya mtihani wa maarifa (ndo hiyo QT) wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Uzuri wake vipindi ni vifupi, anaweza kuwahi kunyonyesha, wanafunzi wenzake wengi nao ni wazazi kwaio hakuna anayemcheka mwenzake, na hakuna anayeuliza miaka miwili imepita au la. Ubaya, mwendo ni mkali, anayetoka mtupu kwenye msingi anaachwa, na vituo vingi vinaegemea masomo ya sanaa. Vya binafsi vingine ni chumba na ubao tu, kabla hujalipa uliza kama kimesajiliwa, uliza matokeo ya mwaka jana waliofaulu wangapi, ukiona mwenye kituo anazunguka ondoka. Kwa TEWW nenda ofisi yao ya mkoa uulize dirisha la kujiandikisha limefunguliwa au bado.

Kwa maoni yangu hii ndo njia inayofaa wengi, hasa waliokaa nyumbani muda mrefu.

*Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, FDC.* Watu wanavisahau hivi, viko 54 nchi nzima, vilianza miaka ya 1970 wakati wa Mwalimu, vipo mpaka wilaya ambazo hutegemei. Kuna programu inaitwa Elimu Haina Mwisho, inasimamiwa na Karibu Tanzania Organization, ambapo binti aliyekatisha masomo anasoma sekondari kwa njia mbadala, anajifunza ufundi na stadi za maisha palepale, na kubwa kuliko vyote, vyuo vimeweka sehemu ya kulelea watoto. Binti anaingia na mwanae. Mtoto analelewa humohumo, mama anatoka darasani ananyonyesha anarudi. Swali langu limejibiwa na chuo chenyewe.

Ubaya ni kwamba nafasi zina kikomo, chuo kinaweza kuwa mbali na nyumbani, na familia zingine hazitaki binti aondoke tena baada ya kilichotokea. Hapo mchango wenu unaweza kuwa nauli, godoro, vifaa vya fani aliyochagua, nepi za mtoto. Ni hela ndogo ukilinganisha na inachofungua.

VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, nayo ipo na vyeti vyake vinaheshimika, ila kama hakuna wa kubaki na mtoto unarudi kwenye tatizo la shule ya kawaida.

Na hapa nina dukuduku langu. Kwanini kila binti aliyezaa anapewa cherehani? Mtaa mmoja mafundi nguo nane, wa tisa tumemleta sisi na risala juu. Muulize anataka nini. Kuna wanaotaka umeme wa majumbani, kuna wa upishi, kuna anayetaka kufuga kuku. Wazo la mama vijana kushona pedi za kufua nalo linapendwa sana kwasababu linaunganisha vyote viwili kwenye andiko la mradi, na linaweza kufanya kazi kama kuna mnunuzi anayejulikana, mfano kikoba chenyewe au shule za kata ile. Bila mnunuzi wanashona stoo inajaa, kitambaa cha kuzuia maji kinaagizwa mjini, na wakitaka kuweka dukani kuna TBS, wale wa viwango vya ubora, wa kupitia.

Vitu vinavyotangulia kabla ya shule

Kliniki, yeye na mtoto. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na kama ana chini ya miaka 18 hiyo mimba ni kesi ya jinai, kwa aliyempa mimba mwanafunzi adhabu ni miaka 30 jela tangu marekebisho ya 2016, kwaio familia zikianza kumalizana kwa ng'ombe wawili mjue mnachoshuhudia. Namba ya kupiga ni 116, huduma ya simu kwa mtoto, na kituo cha polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Uzazi wa mpango pia, msikimbie. Anaweza kupata mimba nyingine kabla hata hedhi haijarudi. Akipewa sindano au kijiti damu inabadilika, wengine wanatoka matone wiki nzima, wengine haiji kabisa, wanaogopa wanadhani wameharibika. Ndo maana kwa mama kijana ile pakiti moja ya pedi nane kwa mwezi haina maana, mpe za kufua nyepesi kadhaa za matone na nene mbili tatu.

Kama mna milioni mbili na mnataka kugusa vyote, ushauri wangu msikate katikati. Mwaka huu shule moja, choo na pedi. Mwaka ujao mabinti wawili, mlezi wa mtoto amelipwa miezi yote ya masomo. Na kama kikundi ni kidogo mna elfu hamsini tu, nunueni chupi za saizi mbalimbali, sabuni za mche na pakiti kumi za pedi, mkabidhi mwalimu mlezi na daftari la kuandika anayechukua kwa tarehe tu bila jina, mwisho wa muhula mkahesabu zimeisha lini. Hilo daftari litawaambia cha kununua mara nyingine.